Mtoto anayependa kushona: kutoka sindano ya gunia hadi sketi ya kwanza

Mtoto mwenye mkono wa kushona hujulikana hata kabla hajagusa cherehani. Anageuza sare yake ndani nje kutazama mshono umepitaje. Anaokota vipande vinavyodondoka chini ya meza ya fundi. Anamvisha mwanasesere wake kitenge kilichofungwa kwa uzi. Dalili hizo zote ni nzuri, lakini ipo moja tunayoiamini kuliko nyingine: akikosea, anafumua mwenyewe na kuanza upya. Wanaoshona haraka ni wengi, ila wanaofumua bila kununa ni wachache, na ndio wanaofika mbali katika kazi hii. Kwa hiyo mzazi, kazi yako kubwa ni kumfanya mtoto aone kufumua ni sehemu ya kushona, wala si aibu.

Haya yanawahusu wasichana na wavulana sawasawa. Pita barazani pa maduka ya Arua, Mbale au Kampala utazame ni akina nani wamekaa kwenye vyerehani. Mvulana akiambiwa kushona ni kazi ya kike, ataacha kabla hamjajua angefika wapi.

Anza na mkono

Mtoto wa miaka 6 hadi 8, yule wa P1 mpaka P3 (darasa la kwanza hadi la tatu), mpe kipande cha gunia la katani, uzi wa kufumia sweta na sindano ya gunia. Isugue ncha ya sindano kwenye jiwe mpaka isichome kidole. Gunia lina faida moja ambayo kitambaa cha kawaida hakina: nyuzi zake zinahesabika kwa macho. Mwambie apite juu ya nyuzi mbili, chini ya mbili, mpaka mwisho wa mstari. Hapo anajifunza mistari sawa bila rula wala kelele.

Akifika miaka 8 au 9, hamia kwenye pamba na sindano ya kawaida. Uzi usizidi sentimita 50. Watoto hupenda kukata uzi mrefu ili wasitunge mara kwa mara, na huo ndio unaojikunja na kufanya mafundo. Mfundishe mishono miwili tu: wa kupiga bandi, hatua za nusu sentimita, na ule wa kurudi nyuma, ambapo sindano inarudi ilikotoka kabla ya kusonga mbele. Huu wa pili una nguvu ya kubeba nguo.

Kisha vifungo. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, ashone akipita juu ya njiti, kila jozi ya matundu mara 4. Aitoe njiti, avute kifungo juu, azungushe uzi mara 4 chini yake, kisha afunge. Ile nafasi ndogo chini ya kifungo ndiyo inayoruhusu kitambaa cha upande wa pili kukaa bila kuvutwa. Kifungo hicho kiwe kwenye shati linalovaliwa kweli, la baba au la kaka, lifuliwe na kuvaliwa wiki nzima. Kikidumu, mtoto amepata jibu ambalo sifa zako haziwezi kumpa.

Cherehani bila uzi

Umri wa kuanza cherehani tunaupima kwa miguu. Nyayo zote mbili zifike kwenye kanyagio huku mgongo umenyooka. Kwa wengi ni miaka 10 hivi. Ukimkalisha kwenye ukingo wa kiti ili afike, atachoka mgongo na kuichukia kazi.

Siku za kwanza sindano iondolewe kabisa. Inua mguu wa kukandamiza kitambaa, legeza nati iliyo katikati ya gurudumu la mkono, halafu akanyage tu. Mguu mmoja utangulie kidogo, mwingine ukae nyuma. Gurudumu lizunguke kuja upande wake. Likirudi nyuma kwenye kazi ya kweli, uzi hukatika au hujisokota chini, na hilo ndilo kosa la kila anayeanza. Dakika 15 kwa siku, siku tatu au nne, zinatosha mpaka miguu ianze yenyewe na kusimama inapotakiwa.

Baada ya hapo rudisha sindano, ya zamani kwa sababu karatasi huifanya butu, na umpe kurasa za daftari zenye mistari. Bila uzi, afuate mstari kwa matundu. Akimudu, achore pembe nne: anafika kwenye kona, anasimama sindano ikiwa chini, anainua mguu wa kukandamiza, anageuza karatasi, anaushusha, anaendelea. Mwisho achore duara kwa kikombe cha chai. Inua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, mtazame pamoja matundu yalipotoka nje ya mstari. Usiruke hatua hii hata kama mtoto analia anataka kitambaa. Karatasi haiuzwi kwa mita.

Masharti ya usalama yawe machache na yasiyobadilika. Vidole vikae sentimita 3 au zaidi kutoka kwenye sindano. Miguu itoke kwenye kanyagio kila anapotunga uzi. Pini zihesabiwe: ziwe 20 kwenye kopo, na zirudi 20 kabla ya kuondoka, hasa nyumba yenye mtoto anayetambaa. Wadogo zake wasikae karibu na mkanda unaozungusha gurudumu. Pasi ya mkaa aishike mtu mzima mpaka mtoto awe mkubwa. Itumike penye hewa, kwa sababu moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, na cheche moja inatoboa kitambaa cha watu.

Cherehani ipi ununue

Ya kukanyaga, yenye kichwa cheusi cha chuma, ya mshono mmoja ulionyooka. Umeme ukikatika kazi inaendelea, vipuri vinapatikana miji yote mikubwa, na fundi yeyote wa vyerehani anaijua. Kuukuu iliyotunzwa ni bora kuliko mpya ya bei rahisi yenye gia za plastiki.

Unapokwenda kukagua, beba sindano mpya, uzi wako na vipande vya kitenge. Vua mkanda uzungushe gurudumu kwa mkono: lizunguke laini bila kukwama mahali pamoja. Shika nondo inayobeba sindano uitikise. Ikicheza sana kushoto na kulia, mishono itarukwa. Pitisha kidole kwenye bamba lililo chini ya sindano, maana mikwaruzo yake ndiyo inayokata uzi. Tazama meno yanayosukuma kitambaa kama bado ni makali. Mwisho shona kitenge cha tabaka moja, kisha mbili, kisha nne. Muuzaji akikukataza kujaribu, ondoka.

Ukifika nyumbani, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila tundu la mafuta, ushone kwenye kitambaa chakavu mpaka yaache kutoa doa. Mafuta ya kupikia hayafai hata kidogo. Hukauka na kuwa gundi, na cherehani inakuwa nzito kama imefungwa breki. Mkanda wa ngozi ukilegea, ukate kidogo kidogo, sentimita moja kwa mara moja, kisha uunganishe tena.

Kama fedha haijatimia, usikope. Saa mbili za Jumamosi kwenye cherehani ya jirani zinatosha mwaka mzima wa kwanza.

Uzi unaposumbua

Hapa ndipo watoto wengi huvunjika moyo, na mara nyingi kosa si la mkono wao. Mfundishe kuchunguza kwa mpangilio badala ya kuzungusha kila skrubu anayoiona.

Vitanzi vikijaa upande wa chini wa kitambaa, kosa kwa kawaida liko juu: uzi haujaingia kati ya visahani vya kukaza. Autoe wote, ainue mguu wa kukandamiza ili visahani vifunguke, atunge upya tangu mwanzo. Uzi wa bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) ukionekana juu ya kitambaa, uzi wa juu umekazwa mno. Alegeze robo mzunguko, ajaribu tena. Mishono ikirukwa, sindano imepinda, imekuwa butu, au imewekwa vibaya. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja na ubapa upande wa pili. Uzi huingilia upande wa mfereji na kutokea upande wa ubapa. Kitambaa chepesi kikijikunja kwenye mshono, mara nyingi uzi umekazwa sana.

Kwa pamba ya kawaida na kitenge tumia sindano namba 90, au 14 kwa hesabu ya zamani. Jinzi inataka 100, yaani 16. Vitambaa vyepesi 70 au 80. Mshono wa kawaida uwe wa milimita 2.5, hiyo ni kama mishono 10 kwenye inchi moja. Sindano ibadilishwe kila baada ya saa 8 hivi za kushona. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote mezani, na ndicho watu wanachokionea ubahili.

Sketi ya lastiki

Mfuko wa penseli na foronya ni mazoezi mazuri, mpe avishone haraka avimalize. Nguo ya kwanza iwe sketi ya lastiki, ya kwake mwenyewe au ya mdogo wake. Vipimo vya mfano ni vya mtoto mwenye kiuno sentimita 60, makalio 72, na sketi ndefu sentimita 50. Apime mwenyewe kwa futikamba na aandike kwenye daftari lenye jina na tarehe. Watoto hukua, na kipimo cha mwaka jana kimeharibu nguo nyingi.

Mita moja ya kitenge inatosha. Upana wake, kama sentimita 115, unazunguka mwili wote, na hivyo mshono unakuwa mmoja tu, wa nyuma. Uzuri wake ni kwamba kingo zote mbili za mshono huo ni kingo za jora, ambazo hazichanuki, huhitaji ovaloki.

1. Loweka kitenge kwenye maji nusu saa, anika kivulini, piga pasi. Pamba hunywea, na ukishona kabla ya kuloweka sketi itanywea mwilini.

2. Tazama picha za kitenge. Kama ni ndege au majani yenye kichwa, chagua upande wa juu na uutie alama ya chaki. Ndege wanaoning'inia kichwa chini ndilo kosa linaloonekana kwa wote kanisani na msikitini.

3. Ukate urefu wa sentimita 59: 50 za sketi, 4 za nyumba ya lastiki juu, 5 za pindo chini. Ili mkato unyooke, achomoe uzi mmoja wa upana. Mstari unaobaki ndio njia ya mkasi.

4. Akunje uso kwa uso, ashone mshono wa nyuma sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Maandishi ya kiwanda yaliyo ukingoni yatafichika humo. Kama cherehani hairudi nyuma, afunge nyuzi kwa fundo kila mwisho. Afungue mshono na kuupiga pasi. Mzunguko umebaki sentimita 112, zaidi kidogo ya mara moja na nusu ya makalio, na hapo marinda yanakaa vizuri.

5. Juu akunje sentimita 1, pasi, kisha 3, pasi tena. Apige pini. Ashone milimita 2 kutoka ukingo wa chini wa kunjo, akianzia karibu na mshono wa nyuma, na aache mwanya wa sentimita 5.

6. Lastiki ya upana wa sentimita 2.5 ikatwe 57: kiuno 60, toa 5 ili ibane, ongeza 2 za kuunganisha. Ncha moja itobolewe kwa pini ya kufunga na kusukumwa ndani. Ncha ya pili ibanwe kwa pini kwenye kitambaa, la sivyo itamezwa na kazi ianze upya. Kabla ya kuunganisha, apitishe vidole mzunguko mzima ahakikishe lastiki haijajipinda.

7. Alaze ncha moja juu ya nyingine sentimita 2, ashone mraba, kisha afunge mwanya.

8. Avae. Pindo la chini lipimwe mwilini, likunjwe 1 kisha 4. Asivute kitambaa anaposhona, meno ya cherehani yanakisukuma yenyewe. Akivuta, pindo linakuwa mawimbi. Zile sentimita 4 zitafunguliwa mwaka ujao atakaporefuka.

Mtoto wa miaka 11 anaweza kutumia siku mbili nzima. Mwache. Mzazi anayejua kushona ndiye mwenye shida kubwa hapa, kwa sababu mkono unamwasha kuchukua. Ukimmalizia pindo, sketi inakuwa yako. Na ukisema "nzuri sana" kwa kila kitu, anajua hujatazama. Sema unachokiona: mshono wa nyuma umenyooka, lakini hapa kwenye kona ya nyumba ya lastiki umetoka nje, tufumue hapa tu.

Kufumua nako kuna ufundi. Wembe hukata kitambaa na vidole. Tumia mkasi mdogo wenye ncha: upande mmoja kata kila mshono wa nne, geuza, vuta uzi wa upande wa pili, utatoka mzima. Safisha nyuzi, piga pasi, mstari wa zamani upotee.

Shati la mivumba (mitumba) kama mwalimu

Akifikisha miaka 12 au 13 na ameshona sketi tatu nne, nunua shati la kiume la mivumba, lenye doa au kola iliyochakaa ili liwe rahisi. Soko la Owino, Kampala, yapo tele, na kila mji una soko lake la siku. Alifumue lote, sehemu baada ya sehemu, akiandika kwenye kila kipande jina lake na kilishonwa cha ngapi. Atapata vipande viwili vya mbele, kimoja cha mgongo, viwili vya mabegani, mikono miwili, viwili vya kola, viwili vya kisimamio cha kola, vinne vya vikofi (mwisho wa mikono), na mfuko. Avipige pasi, avichore kwenye karatasi ya mfuko wa saruji iliyosafishwa. Hiyo ndiyo patani yake ya kwanza, yaani mchoro wa kukatia nguo, na imemfundisha kitu ambacho maneno hayaelezi: kwamba kichwa cha mkono ni kirefu kuliko tundu la kwapa, na kwa nini.

Likizo kwa fundi

Barazani kwa fundi ndiko mtoto anakojifunza mwendo wa kazi, lakini mapatano yafanyike mapema na yawe wazi. Kaa na fundi mkubaliane saa, kwa mfano saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Mkubaliane atashika nini wiki ya kwanza (vifungo na pindo), ya pili (kupiga bandi na pasi akisimamiwa), ya tatu (kushona mishono iliyonyooka kwenye vipande). Sema bila kuzunguka kwamba hakuja kutumwa chai na maji kutwa. Mpelekee fundi heshima yake, iwe ada au boksi la uzi.

Chagua wakati. Januari mafundi wamezama kwenye sare za muhula wa kwanza. Hakuna atakayemwelekeza mtoto. Mwanzo wa Desemba, kabla ya oda za Krismasi kupamba moto, au likizo ya Mei, ni afadhali zaidi. Muhula ukianza, kushona kubaki Jumamosi. Hesabu za darasani na za cherehani ni moja: nusu, robo, sentimita na asilimia ya marinda.

Akianza kupata wateja, mfundishe kuhesabu kabla ya kutaja bei. Tuseme kitambaa ni shilingi 9,000, lastiki 1,500, uzi uliotumika 500. Jumla 11,000. Ameshona saa nne. Mkikubaliana saa moja ni 1,500, kazi yake ni 6,000. Sketi ni 17,000. Akiuza 12,000 kwa sababu mteja ni shangazi, ajue kwamba amempa shangazi zawadi ya 5,000, na aandike hivyo. Fedha zake usizichukue za sukari bila kumwomba.

Anayetaka kuendelea rasmi ana vyuo vya ufundi, ambako mitihani sasa inasimamiwa na UVTAB, bodi iliyoletwa na sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2025. Chuo Kikuu cha Busitema kinafundisha uhandisi wa nguo, na huko fizikia na hisabati za sekondari zinahitajika.

Mapema au baadaye ataomba kushona gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda. Vazi hili lilipata jina lake kwa Gomes, fundi wa Kigoa aliyefanya kazi Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na kulishona vizuri ni kipimo cha fundi wa kweli: mabega yenye ncha, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto. Linakula mita 6 hivi za kitambaa kinachoteleza, na kosa moja kwenye shingo linazitupa zote. Usimkatalie. Mpe nusu mita ya pamba ashone gomesi ya mwanasesere, kwa vipimo vya robo. Shingo ya mraba inataka kukatwa kwenye kona mpaka karibu kabisa na uzi wa mshono, nyuzi mbili tu zibaki, ndipo kona igeuke bila kukunjamana. Ataharibu ya kwanza na ya pili. Ya tatu ikikaa, mpeleke Kiyembe, mtaa wa vitambaa Kampala, akachague kitambaa mwenyewe.